Jina la Trumbo lilikuwa na bei gani?

Tarehe 28 Oktoba 1947, mwandishi wa filamu Dalton Trumbo aliitwa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani mjini Washington. Alikwenda na miswada 20 ya filamu alizoziandika. Akaomba iingizwe kwenye kumbukumbu za kikao, ili anayedai kwamba waandishi wa Hollywood wanapenyeza Ukomunisti katika filamu aoneshe ni ukurasa gani na mstari upi. Mwenyekiti, J. Parnell Thomas, akataka kujua mswada mmoja una urefu gani. Akaambiwa kuanzia kurasa 115 hadi 170 hivi. Ombi likakataliwa: kurasa ni nyingi mno.

Piga hesabu. Miswada 20 kwa kurasa 115 ni kurasa 2,300. Kwa kurasa 170 ni 3,400. Hakuna aliyetaka kuzisoma. Kamati ilitaka jibu la swali moja tu: wewe ni mwanachama wa Chama cha Kikomunisti, au umewahi kuwa? Trumbo alikataa kujibu ndiyo au hapana, akaondolewa kwenye kiti cha shahidi huku akipaza sauti.

Kwa karibu miaka 13 baada ya siku hiyo, hakuna studio kubwa ya Marekani iliyothubutu kumpa kazi mpya kwa jina lake. Kazi yake, hata hivyo, iliendelea kununuliwa. Hapo ndipo hesabu yake inapovutia, kwa sababu ni nadra kupata mtu ambaye jina lake limetenganishwa na kazi yake, kila kimoja kikauzwa peke yake. Tunaweza kuuliza jina lilikuwa dola ngapi, tukapata jibu.

Miaka tisa ya kufunga mikate

James Dalton Trumbo alizaliwa Montrose, Colorado, tarehe 9 Desemba 1905, akakulia mji wa jirani wa Grand Junction. Baba yake, Orus, alikuwa mwuzaji katika duka la viatu. Familia ilipohamia Los Angeles, baba akaugua na kufariki mwaka 1926, akaacha mjane na watoto watatu. Dalton ndiye aliyekuwa mkubwa, na wa kiume peke yake. Mzigo wa nyumba ukamwangukia.

Alipata kazi ya zamu ya usiku katika kiwanda cha mikate, akifunga mikate kwenye karatasi. Alidhani atakaa miezi michache. Alikaa karibu miaka tisa. Katika muda huo aliandika hadithi fupi 88 na riwaya sita, na zote zilikataliwa na wachapishaji. Anayetaka kujua kwa nini baadaye mtu huyu aliweza kuandika miswada kama anayechoma mahindi aanzie hapo. Kabla hajalipwa senti moja kwa fasihi, tayari alikuwa na kazi 94 zilizokataliwa mkononi.

Riwaya ya kwanza kuchapishwa, Eclipse, ilitoka mwaka 1935. Iliwasema watu wa Grand Junction kwa jina la mji wa kubuni, nao hawakufurahi. Mwaka 1938 alimwoa Cleo Fincher, msichana aliyekuwa akiwahudumia wateja kwenye magari yao nje ya mgahawa. Mwaka uliofuata ikatoka riwaya ya Johnny Got His Gun, kisa cha askari aliyepoteza mikono, miguu na uso vitani. Mswada wake wa Kitty Foyle, filamu ya mwaka 1940, ulimpatia uteuzi wa Oscar. Watoto nao wakaja: Nikola mwaka 1939, Christopher mwaka 1940, na Mitzi mwaka 1945.

Mshahara wa mwaka kwa wiki moja

Katikati ya miaka ya 1940 Trumbo alikuwa miongoni mwa waandishi wanaolipwa vizuri kuliko wote Hollywood. Mkataba wake na studio ya MGM ulimpa hiari: dola 3,000 kwa wiki, au dola 75,000 kwa mswada mmoja.

Tusikimbilie mbele. Mwaka 1947, familia ya kati ya Kimarekani, yaani ile ambayo nusu ya familia zote ziko juu yake na nusu chini yake, iliingiza kama dola 3,000 kwa mwaka mzima. Alichopata Trumbo Jumatatu hadi Ijumaa, jirani wa kawaida alikitafuta kuanzia Januari hadi Desemba. Kwa kupanda kwa bei tangu wakati huo, dola moja ya mwaka 1947 ni kama dola 14 za leo. Kwa hiyo wiki moja yake ingekuwa kama dola 42,000 za sasa, na mswada mmoja zaidi ya milioni moja.

Alikuwa na shamba la ekari 320 milimani kaskazini mwa Los Angeles, lililoitwa Lazy-T. Na tangu mwaka 1943 alikuwa mwanachama wa Chama cha Kikomunisti. Wapinzani wake walipenda kuuliza Mkomunisti gani huyu mwenye ekari 320, na swali hilo halikuwa baya. Kisheria, hata hivyo, hakukuwa na kosa: chama kilikuwa halali, na shamba lilikuwa lake.

Adhabu mbili

Waliogoma kujibu kwenye vikao vile walijulikana kama Kumi wa Hollywood. Hawakukimbilia kinga ya Katiba inayomruhusu mtu asijitie hatiani. Walisimama kwenye uhuru wa kusema na wa kukusanyika, wakidai Bunge halina haki ya kumwuliza raia anaamini nini. Mahakama hazikukubali. Aprili 1950 Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa kusikiliza rufaa.

Trumbo alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja na faini ya dola 1,000 kwa kosa la kulidharau Bunge. Kwa mshahara wake wa zamani, faini hiyo ilikuwa theluthi moja ya wiki. Aliingia gereza la shirikisho la Ashland, Kentucky, Juni 1950, akawa mfungwa namba 7551, akatoka baada ya miezi kumi hivi.

Kama adhabu ingeishia hapo, tungeifunga hesabu. Lakini tarehe 25 Novemba 1947, miaka miwili na nusu kabla hajaliona lango la gereza, wakubwa wa studio walikuwa wameshatoa adhabu yao. Walikutana katika hoteli ya Waldorf-Astoria, New York, wakatangaza kwamba Kumi wale wanafukuzwa na hawatapewa kazi tena mpaka waondokane na kosa la kulidharau Bunge na waape kwamba si Wakomunisti. Adhabu hiyo haikuwa na jaji, rufaa wala tarehe ya kwisha.

Tukihesabu kuanzia siku hiyo hadi Oktoba 1960, filamu ya Spartacus ilipotoka ikiwa na jina lake, tunapata miezi 154. Gerezani alikaa kumi. Kwa kila mwezi mmoja uliotozwa na mahakama, soko la ajira lilitoza zaidi ya 15.

Na mwenyekiti Thomas, yule aliyeona kurasa nyingi? Mwaka 1949 alipatikana na hatia ya kuilaghai serikali: aliandika wafanyakazi hewa ofisini kwake na mishahara yao akaitia mfukoni. Alifungwa Danbury, Connecticut, akakutana humo na wawili kati ya Kumi wale, Ring Lardner Jr. na Lester Cole. Waswahili husema mchimba kisima huingia mwenyewe.

Mswada wa jumla na wa rejareja

Sasa tuingie sokoni. Studio kubwa zilifunga mlango wa mbele, lakini filamu hazijiandiki. Usione vyaelea, vimeundwa. Watayarishaji wadogo waligundua haraka kwamba fundi wa dola 75,000 sasa anapatikana kwa bei ya chee, mradi jina lake lisitajwe.

Wa kwanza kubisha hodi walikuwa ndugu wa King, watu wa filamu za gharama ndogo. Kwa mswada wa Gun Crazy, filamu iliyotoka mwaka 1950, walimlipa dola 3,750, tena kwa mafungu katika mwaka mmoja na nusu. Mwandishi mwingine, Millard Kaufman, aliazimisha jina lake. Dola 3,750 ni asilimia tano ya dola 75,000, yaani punguzo la asilimia 95. Na wala haikuwa kazi ya kulipua: mwaka 1998 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiweka filamu hiyo katika orodha ya filamu za kuhifadhiwa kama urithi wa taifa.

Chini ya hapo palikuwa na shimo jingine. Kwa hesabu aliyoitoa Trumbo mwenyewe, kuna kipindi cha miaka miwili alichoandika miswada 18 kwa wastani wa dola 1,750 kila mmoja. Alikiri kwamba hakuna hata mmoja uliokuwa mzuri sana. Zidisha: 18 kwa 1,750 ni dola 31,500. Kwa mkataba wa MGM angezipata fedha hizo kwa wiki kumi na nusu. Ukizigawa siku za miaka miwili, anaandika mswada mmoja kila siku 40, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Na ili kufikia thamani ya mswada mmoja wa zamani, alihitaji kuandika miswada 43.

Msomaji mwangalifu atapinga: pengine bei ilishuka kwa sababu kazi yenyewe ilishuka. Mswada wa siku 40 si sawa na wa wiki 25, muda ambao MGM wangeulipia dola 75,000. Hoja ni ya kweli, na bahati nzuri tuna kipimo cha kuijibu.

Katika miaka hiyohiyo Trumbo aliandika hadithi ya binti wa kifalme anayetoroka wajibu wake kwa siku moja mjini Roma. Hii hakuiuza kwa magendo. Rafiki yake Ian McLellan Hunter, ambaye wakati huo jina lake lilikuwa bado safi, aliipeleka sokoni kama yake. Paramount walinunua kwa dola 50,000, na Hunter akamfikishia Trumbo fedha zake. Filamu ikawa Roman Holiday ya mwaka 1953, iliyomtoa Audrey Hepburn. Iliteuliwa kuwania Oscar kumi na kushinda tatu, mojawapo ikiwa ya hadithi bora. Hunter ndiye aliyetajwa mshindi.

Basi weka kwenye mizani. Mkono ni uleule, miaka ni ileile, hata kiti pengine ni kilekile. Kazi inayoingia sokoni kwa jina safi la kuazima: dola 50,000. Kazi inayopita mlango wa nyuma, mnunuzi akijua vizuri inatoka kwa nani: dola 3,750, au 1,750. Kilichoanguka bei ni jina, na anayejua kwamba muuzaji hana pengine pa kwenda hapandishi bei kwa huruma.

Kwa mtazamo huo, orodha nyeusi haikuwa ukuta uliozuia kazi ya waandishi isipite. Ilifanana zaidi na kizuizi cha barabarani: mzigo unapita, ila kila anayepita anaacha kitu. Wakubwa wa Hollywood walijivunia hadharani kwamba hawawaajiri Wakomunisti, na tasnia yao ikaendelea kula jasho la haohao kwa bei ya kutupa.

Watano chini ya paa moja

Mshahara unaposhuka kwa asilimia 95, haushuki kwa mtu mmoja. Trumbo alipokwenda gerezani, Cleo alibaki shambani na watoto watatu: Nikola wa miaka 11, Christopher wa tisa, na Mitzi ambaye hajatimiza hata mitano. Baada ya kifungo shamba liliuzwa. Mwishoni mwa mwaka 1951 familia ilihamia Jiji la Meksiko, pamoja na familia ya mwandishi mwenzake Hugo Butler, kwa matumaini kwamba maisha huko ni rahisi na wapelelezi ni wachache. Hesabu ilikataa: akiwa mbali na wanunuzi, hata zile kazi za bei ya chee zilikuwa ngumu kupatikana. Mwaka 1954 walirudi Los Angeles, safari hii mtaa wa Highland Park, mbali na fahari ya zamani.

Nyumba ile ikageuka kiwanda. Trumbo aliandika usiku, mara nyingi akiwa ndani ya bafu la maji ya moto kwa sababu ya maumivu ya mgongo. Ubao uliwekwa juu ya bafu kutoka ukingo hadi ukingo. Juu yake karatasi, kisahani cha majivu na kikombe cha kahawa. Alikata kurasa kwa mkasi na kuziunga upya kwa gundi, huku sigara ikiwa mdomoni muda wote. Picha maarufu ya mzee huyo akiwa majini na masharubu yake, kalamu mkononi, ilipigwa baadaye na binti yake Mitzi.

Kwa jumla ya miaka ile inakadiriwa aliandika au kurekebisha miswada kama 30 kwa majina ya bandia na ya kuazima: Sam Jackson, Robert Rich, James Bonham na mengine mengi. Kila jina lilihitaji kumbukumbu yake: nani anampigia simu nani, hundi inaandikwa kwa nani, fedha zinapitia mkono upi. Watoto walijua baba anaandika nini, na walijua pia kwamba nje ya mlango hawajui. Christopher alikua akiwa tarishi wa siri hizo, na baadaye maishani akawa mtunzaji wake mkuu.

Kwenye hesabu hii kuna safu isiyo na dola. Mitzi alitengwa na wenzake shuleni baada ya wazazi wao kujua ni mtoto wa nani, na baba yake akamwandikia mwalimu mkuu barua ndefu yenye uchungu. Sasa tazama umri wake. Jina la baba lilipoondolewa mwaka 1947 alikuwa na miaka miwili. Liliporudi mwaka 1960 alikuwa na 15. Kwa wazazi wake orodha nyeusi ilikuwa kipindi cha maisha. Kwa Mitzi ilikuwa utoto wote.

Fedha iliyotumika ilikuwa majina

Trumbo hakuwa peke yake, wala hakuwa aliyeumia kuliko wote. Juni 1950 kilitoka kijitabu kiitwacho Red Channels, kikiwa na majina 151 ya waigizaji, waandishi, wanamuziki na watangazaji wa redio na televisheni. Mwaka 1951 kamati ilirudi Hollywood kwa awamu ya pili, kubwa kuliko ya kwanza. Katika filamu peke yake, waliopoteza kazi wanahesabiwa kwa mamia.

Njia ya kutoka ilikuwepo, na bei yake ilijulikana na kila mtu. Mwongozaji Edward Dmytryk, mmoja wa Kumi, alimaliza kifungo chake, akarudi mbele ya kamati Aprili 1951 na kutaja watu 26. Akarudi kazini. Mwandishi Martin Berkeley alitaja zaidi ya 150, karibu sawa na kijitabu kizima. Kamati ilikuwa na mengi ya majina hayo tayari kwenye mafaili. Shahidi hakuitwa ili atoe habari mpya. Alipimwa kama yuko tayari kuwalipa wengine ili ajinunue.

Hapo ndipo jina linapokuwa sarafu kwa pande zote mbili. Ukitaka jina lako, toa ya wenzako. Trumbo huenda angeweza kurudi kwenye dola 75,000 kwa kutaja watu, tuseme 20. Kwa kila mwaka aliokaa kimya, tofauti kati ya alichopata na ambacho angepata ndiyo bei aliyoilipa kwa kutowataja. Kwa makadirio yetu tu: angeandika miswada miwili kwa mwaka kwa bei ya zamani, kwa miaka 12, angepata dola milioni 1.8. Pengine mkataba usingedumu hivyo, maana televisheni ilikuwa imeanza kuzitikisa studio. Hata tukiikata nusu, bado ni dola 900,000. Gawanya kwa majina 20: kila rafiki aliyefichwa aligharimu dola 45,000 za wakati huo, mshahara wa miaka 15 wa familia ya kati.

Usiku ambao mshindi hakuwepo

Tarehe 27 Machi 1957, kwenye sherehe za Oscar, ilisomwa tuzo ya hadithi bora. Mshindi: Robert Rich, kwa The Brave One, kisa cha mvulana wa Meksiko na fahali wake. Hakuna aliyesimama. Jesse Lasky Jr., kiongozi katika chama cha waandishi, alipanda jukwaani kuipokea kwa niaba yake, akaeleza kwamba Bwana Rich yuko hospitali kando ya mkewe anayejifungua.

Kesho yake chama kikapekua mafaili yake, kisimwone mwanachama wa jina hilo. Robert Rich halisi alikuwa mpwa wa ndugu wa King na hakuwa mwandishi. Waandishi wa habari wakaanza kumpigia Trumbo simu. Hakukana wala hakukubali. Alikuwa akiwaelekeza kwa wengine, akidokeza kwamba huenda ni fulani, huenda ni fulani, mpaka nusu ya Hollywood ikawa inashukiwa kuwa na kipaji.

Ulikuwa mchezo wenye hesabu. Wiki chache kabla ya sherehe, Akademia ilikuwa imepitisha kanuni ya kuwanyima Oscar waliokataa kujibu maswali ya kamati. Sasa sanamu ilikuwa imetolewa kwa mtu asiyekuwepo, na kila swali la magazeti liliongeza aibu. Kanuni iliishi chini ya miaka miwili. Januari 1959 ilifutwa, na siku chache baadaye Trumbo akatangaza: Robert Rich ni mimi.

Jina ambalo soko lililishusha hadi senti lilianza kupanda bei kwa sababu kila mtu alitaka kulijua. Januari 1960 mwongozaji Otto Preminger alitangaza kupitia New York Times kwamba mswada wa Exodus ni wa Trumbo, na jina lake litaandikwa. Kirk Douglas naye akamtoa "Sam Jackson" kwenye Spartacus, filamu ya dola milioni 12, akaweka jina halisi. Chama cha maveterani kilifanya maandamano mbele ya majumba ya sinema. Februari 1961 Rais John Kennedy, wiki chache tu baada ya kuapishwa, aliwapita waandamanaji, akaingia kuitazama. Spartacus ilishinda Oscar nne. Wakubwa waliokuwa wakisema kwa miaka 13 kwamba umma hautalivumilia jina hilo walipata jibu mlangoni, kwenye dirisha la tiketi.

Deni kwa mafungu

Marejesho ya madeni ya namna hii hayaji kwa mkupuo. Yaliyolipwa ni haya, kila moja na muda uliopita:

- Jina kwenye Spartacus na Exodus, 1960: karibu miaka 13 tangu Waldorf-Astoria.
- Sanamu ya Oscar ya The Brave One, 1975: miaka 18 tangu isomwe. Trumbo aliipokea akiwa mgonjwa, mwaka mmoja na miezi kadhaa kabla ya kifo chake.
- Oscar ya Roman Holiday, 1993: miaka 39 tangu Hunter atajwe mshindi. Trumbo alikuwa amefariki tangu tarehe 10 Septemba 1976, akiwa na miaka 70. Aliyeipokea ni Cleo.
- Jina kwenye orodha rasmi ya waandishi wa Roman Holiday, Desemba 2011: miaka 58 tangu filamu itoke.

Trumbo mwenyewe alikataa kukaa akidai. Mwaka 1970, akipokea tuzo ya heshima ya chama cha waandishi, alisema katika miaka ile ya giza hakuna haja ya kutafuta mashujaa na wabaya; walikuwepo waathirika tu, kwa sababu kila mmoja alisukumwa kusema au kutenda asichokitaka. Baadhi ya wenzake walikasirika. Albert Maltz, naye mmoja wa Kumi, aliona kauli hiyo inamweka aliyetaja na aliyetajwa kwenye kapu moja. Ukirudi kwenye hesabu ya majina 20 kwa dola 45,000, ni vigumu kumlaumu Maltz. Lakini aliyelipa ana haki ya kuchana risiti yake.

Nyumbani Grand Junction, mji uliochukizwa na riwaya yake ya kwanza, leo kuna sanamu yake ya shaba barabara kuu: yuko ndani ya bafu, anaandika. Wapita njia hupiga naye picha.

Fungu lile la mwisho, la mwaka 2011, halikuja lenyewe. Lilidaiwa na watoto wawili: Christopher Trumbo, na Tim Hunter, mwana wa yule rafiki aliyeazimisha jina. Wana wa waliotunza siri ndio walioomba ifutwe, mwana wa Hunter akisaidia kuligawa jina lililokuwa limeandikwa la baba yake peke yake. Chama cha waandishi kilikubali na kutangaza tarehe 19 Desemba. Cleo alikuwa amefariki miaka miwili kabla, akiwa na miaka 93. Christopher, aliyekuwa na miaka saba siku kamati ilipokataa kurasa za baba yake, alikuwa amefariki Januari ya mwaka huohuo. Alikosa kulisoma jina kwa miezi 11.